SAA YA MUKONO HAIJUI UMECHOMA KALORI NGAPI



Asubuhi, mbele ya munganga kuanza kupokea wagonjwa, sisi wauguzi tunafundisha watu wanaongoja barazani. Siku moja tulisema juu ya ugonjwa wa sukari. Nilieleza kwamba mugonjwa wa sukari anapaswa kutembea kila siku na kupunguza vitu vitamu. Muzee mumoja akasimama. Alikuwa mutu wa heshima katika kanisa lake, na mwili wake ulikuwa muzito. Akakunja shati lake, akatuonyesha saa nyeusi iliyofungwa mukononi.

«Mwanangu», akasema, «mimi ninatii maneno yenu. Mutoto wangu anayekaa Ulaya alinitumia saa hii. Kila jioni ninatembea muda wa saa moja, na saa inaniambia kwamba nimechoma kalori 430. Kisha ninakunywa soda mbili tu. Nimesoma kwamba soda mbili zina kalori 280. Kwa hiyo ninabaki na faida ya 150. Basi, kwa sababu gani kilo zangu zinapanda, na sukari ya damu inapanda vilevile?»

Watu wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu muzee huyu hakuwa muvivu, wala hakuwa mwongo. Alitembea kweli, na alihesabu kweli. Kosa lake lilikuwa moja: aliamini hesabu ya saa kama vile mutu anavyoamini feza alizozihesabu mwenyewe na kuzitia mufukoni.

Siku hizi saa za namna hii zimefika kwetu, na telefone nyingi zinafanya kazi ileile. Watu wanazileta kutoka muji mukubwa, ao jamaa wanazituma kutoka inchi za mbali. Mimi sisemi kwamba ni vitu vibaya. Lakini ninataka kusema neno moja wazi, na ninaomba ulisome mpaka mwisho: hesabu ya kalori ambayo saa inasema umechoma si kipimo, ni kukisia tu. Usinunue chakula kwa hesabu hiyo.

KALORI NI KITU GANI?

Watu wengine wanafikiri kwamba kalori ni kitu kinachokaa ndani ya chakula, kama jiwe ndani ya muchele. Sivyo. Kalori ni kipimo cha joto, kama vile kilo ni kipimo cha uzito. Kalori moja, ile inayoandikwa juu ya makopo ya chakula, ni joto linalotosha kupasha lita moja ya maji kwa digri moja. Wenye elimu wanaiita kilokalori, lakini watu wengi wanasema kalori tu, nasi tutasema hivi.

Mwili wako ni kama jiko, na chakula ni kuni. Jiko hili halizimiki hata usiku. Unapolala, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi, na mwili unajipasha joto. Kwa watu wengi, sehemu kubwa ya kuni za siku inachomwa na kazi hii ya kuishi tu. Miguu inaongeza sehemu yake, lakini sehemu hiyo ni ndogo kuliko tunavyofikiri tukiwa na jasho usoni.

NAMNA YA KUPIMA KWELI

Inawezekana kupima kweli moto wa mwili, lakini si kazi rahisi. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1782 na 1783, huko Paris katika Ufaransa, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walitia simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. (Simbilisi ni yule munyama mudogo ambaye watu wa Kivu wanamufuga jikoni.) Joto la mwili wake liliyeyusha barafu, nao wakapima maji yaliyotoka. Walipima vilevile hewa aliyotoa katika pumzi. Hivi wakaonyesha kwamba kupumua ni namna ya kuchoma: mwili unavuta oksijeni, unachoma chakula polepole, unatoa joto na hewa chafu.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika miaka ya 1890, huko Middletown katika Marekani, Wilbur Atwater na Edward Rosa walijenga chumba kidogo cha kupimia mutu muzima. Mutu aliingia, mulango ukafungwa, akakaa humo siku kadhaa. Alikula humo, akalala humo, na mara nyingine akakanyaga baiskeli isiyokwenda mahali. Joto lote la mwili wake lilipimwa, na hewa iliyoingia na kutoka ilipimwa pia.

Kuna njia nyingine. Mutu anafungwa kifuniko cha mudomo na pua chenye mupira, na pumzi yake inapimwa wakati anapotembea. Ao anakunywa maji yaliyotengenezwa kwa namna ya pekee, maji yenye alama, na kwa siku nyingi wanachukua mukojo wake na kuangalia alama zile zinatoka upesi gani. Nathan Lifson na wenzake walieleza njia hii ya maji kwa panya mwaka wa 1955, na kazi ya kwanza iliyofanywa kwa watu ilitangazwa mwaka wa 1982. Ni njia nzuri sana, lakini inatoa jumla ya siku nyingi. Haiwezi kukuambia kuni za safari moja ya jioni.

Sasa angalia vizuri. Katika njia hizi zote watu wanapima joto, ao wanapima pumzi, ao wanapima mukojo. Saa ya mukono haipimi hata kimoja cha hivi vitatu.

SAA INAFANYA NINI BASI?

Saa inajua mambo machache. Inasikia mukono ukitikisika. Inaangaza mwanga, mara nyingi wa rangi ya majani, juu ya ngozi, na kwa mwanga huo inahesabu mapigo ya moyo. Tena inajua maneno uliyoiambia siku ya kwanza: miaka yako, kilo zako, urefu wako, kama wewe ni mwanaume ao mwanamuke. Kwa haya inafanya hesabu, na kukuonyesha jibu. Wenye kutengeneza saa hawaonyeshi watu hesabu yao yote, lakini misingi ya hesabu za namna hii inajulikana.

Musingi mumoja ni kukisia kuni za mutu aliyepumzika. Mwaka wa 1919 Arthur Harris na Francis Benedict wa Marekani walitangaza hesabu iliyotokana na kupima wanaume 136 na wanawake 103. Hesabu yao, na nyingine zilizoifuata, zinatumiwa hata leo. Zinatoa jibu la mutu wa katikati. Lakini wewe si mutu wa katikati. Watu wawili wenye miaka sawa, kilo sawa na urefu sawa wanaweza kuwa na mioto miwili mbalimbali, kwa sababu mumoja ana nyama ngumu ya mulimaji, na mwingine ana mafuta ya mutu wa kukaa.

Musingi mwingine ni orodha ya kazi. Mwaka wa 1993 Barbara Ainsworth na wenzake katika Marekani walitoa orodha kubwa inayosema kila kazi inazidisha kukaa kimya mara ngapi: kutembea mara kadhaa, kupanda ngazi mara kadhaa, kulima mara kadhaa. Kipimo cha kukaa kimya walichotumia ni mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili, kwa kila dakika. Mwaka wa 2005 wengine walitangaza kwamba wamepima watu wazima 769, wakapata kwamba kwa katikati watu hawa walitumia karibu 2.6 tu. Kipimo cha orodha kilizidi kweli kwa sehemu 35 kwa 100. Ikiwa kikombe cha kwanza ni kikubwa kuliko kweli, hesabu yote inayofuata itazidi.

WALIOIJARIBU WALIONA NINI?

Mwaka wa 2017 watu wa chuo kikuu cha Stanford katika Marekani walitangaza jaribu lao. Walichukua saa na vikuku vya namna 7, wakavifunga kwa watu 60. Watu hawa walikaa, walitembea, walikimbia na kukanyaga baiskeli, nao wakapimwa pumzi na moyo kwa vyombo vya kweli.

Kwa mapigo ya moyo, vyombo 6 kati ya 7 vilikosa kwa sehemu chini ya 5 kwa 100. Hayo ni mazuri. Lakini kwa kalori, hakuna hata kimoja kilichofaa. Kilicho bora kuliko vyote kilikosa kwa katikati sehemu 27 kwa 100. Kilicho kibaya kuliko vyote kilikosa sehemu 93 kwa 100.

Maana yake ni nini? Tuseme kwamba umechoma kalori 200 kweli. Saa iliyo bora, ikikosa hivi, inaweza kukuambia 254, ao 146. Ile mbaya inaweza kukuambia 386. Kama mwenye duka angepima muchele wako hivi, ungeita wakubwa wa soko. Lakini kwa sababu namba inang'aa juu ya kioo, tunaipokea kwa heshima.

KWETU KUKISIA NI KUGUMU ZAIDI

Saa hizi zilijaribiwa zaidi kwa watu wanaotembea mikono mitupu ao kukimbia kwa muchezo. Fikiri sasa juu ya kazi ya watu wetu.

Mama anarudi kutoka shambani na muzigo wa kuni mugongoni, kamba juu ya kipaji cha uso, mikono miwili ikishika kamba. Mikono haitikisiki sana, na saa haijui kwamba kuna kilo 30 mugongoni. Itasema kwamba alifanya kazi kidogo. Kijana wa Goma anasukuma chukudu yenye magunia ya viazi kwenye mulima, mikono imeshika usukani. Saa itakosa hatua nyingi. Lakini mama mwingine amekaa kwenye kiti akipepeta muchele, na saa inaweza kufikiri kwamba anatembea, kwa sababu mukono wake unakwenda mbele na nyuma.

Mapigo ya moyo nayo yanadanganya. Moyo unakwenda upesi kwa sababu ya kazi, ndiyo. Lakini unakwenda upesi vilevile kwa sababu ya homa ya malaria, ya kupungukiwa na damu, ya jua kali, ya woga, ya kahawa. Mutu mwenye homa akilala kitandani, moyo wake unapiga kwa nguvu, na saa inaweza kufikiri kwamba anafanya kazi. Upande mwingine, kuna wagonjwa wa damu kupanda wanaokunywa dawa kama propranolol ao atenolol. Dawa hizi zinapunguza mapigo ya moyo. Mugonjwa huyu anaweza kupanda mulima kwa taabu, na saa ikafikiri kwamba anatembea polepole. Asiache dawa kwa sababu hiyo! Aache kuamini saa.

Watu wengine wanauliza: je, ngozi nyeusi inazuia mwanga wa saa? Jaribu lile la mwaka wa 2017 liliona makosa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Jaribu lingine la mwaka wa 2020, la watu 53, halikuona tofauti hiyo. Liliona kwamba makosa yanaongezeka mutu anapotembea ao kutikisa mwili. Kwa hiyo usitupe lawama zote juu ya ngozi yako. Saa inahangaika hasa wakati ule ule unapotaka ikusaidie, ndiyo wakati wa kazi.

KUHESABU KITU KIMOJA MARA MBILI

Kuna kosa lingine ambalo si la saa tu, ni letu pia. Turudi kwa muzee wetu. Tulimupima, akawa na kilo 80. Njia yake ya jioni ilikuwa karibu kilometa 5. Kwa orodha ya kazi, mutu wa kilo 80 akitembea hivi kwa saa moja anachoma karibu kalori 280. Lakini ndani ya 280 hizi kuna karibu 80 ambazo angechoma hata kama angekaa nyumbani kwenye kiti chake. Hizo ni kuni za kuishi. Chakula chake cha kila siku kilikwisha kuzilipa. Miguu yake iliongeza karibu 200 tu.

Weka sasa hesabu mbili pamoja. Saa ilisema 430, soda zilikuwa 280, naye akaona faida ya 150. Lakini miguu ilitoa karibu 200, na soda zilileta 280. Hakuwa na faida. Alikuwa na hasara ya 80, kila jioni, akiwa na jasho na moyo safi. Na hapo sijasema juu ya sukari yenyewe. Soda moja ya senti-lita 33 ina karibu gramu 35 za sukari. Kwa mugonjwa wa sukari, hesabu ya kalori hata ikiwa ya kweli haiwezi kuifanya soda mbili za kila siku kuwa chakula chema.

Chukua mufano mwingine. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina karibu kalori 120. Mikono ya mupishi inaweza kutia vijiko viwili zaidi ndani ya sombe bila mutu kuona. Hapo safari yako yote ya jioni imekwisha. Kinywa kinafanya kazi kwa upesi kuliko miguu.

KUTEMBEA SI MUSHAHARA WA KULA

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa. Saa inafanya kutembea kuwe kama kibarua, na chakula kuwe kama mushahara. Mutu anasema: «Nimefanya kazi, nina haki ya kulipwa». Na kwa sababu saa inamwandikia feza nyingi kuliko alizopata, analipwa zaidi ya haki yake.

Mwaka wa 2016 watu wa chuo kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walitangaza jaribu la vijana 471 waliotaka kupunguza uzito. Wote walifundishwa juu ya chakula na kazi ya mwili. Kisha sehemu moja walipewa chombo cha kuvaa mukononi cha kuhesabu kazi, na wengine waliandika kazi zao wenyewe. Baada ya miezi 24, wale wenye chombo walikuwa wamepunguza kilo 3.5 kwa katikati. Wale wasio na chombo walikuwa wamepunguza kilo 5.9. Jaribu hili halisemi kwamba chombo kinanenepesha watu. Linasema kwamba chombo peke yake hakisaidii kama tulivyotumaini.

Kuna jambo lingine la kushangaza, na limetoka karibu nasi. Huko Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, kuna watu wanaoitwa Wahadza. Wengine kati yao wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na wanatembea sana kila siku. Herman Pontzer na wenzake waliwapima watu wazima 30 kwa njia ile ya maji yenye alama, na mwaka wa 2012 wakatangaza majibu. Walifikiri kwamba watapata moto mukubwa sana. Lakini walipolinganisha watu kwa ukubwa wa mwili, kalori ambazo Wahadza wanachoma kwa siku zilikuwa sawasawa na za watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Pontzer anafikiri kwamba mwili unaofanya kazi nyingi kila siku unapunguza kuni mahali pengine. Wenye elimu wanaendelea kushindana juu ya jambo hili. Lakini kwetu linatosha kutufundisha unyenyekevu: mwili si duka ambalo unaongeza hapa na kutoa pale, ukipata jibu kila jioni.

WENGINE WATASEMA

Wengine watasema: «Muuguzi, unataka tutupe saa zetu?» Hapana. Ninajibu kwa mufano wa soko. Mama muuza maharagi ana kopo lililobonyea chini. Kopo hili haliwezi kukuambia kilo. Lakini kama unanunua kwa kopo lilelile kila juma, unaweza kujua kama juma hili umenunua zaidi kuliko juma lililopita. Saa yako ni kopo lililobonyea. Kama unafanya kazi ya namna moja, kwa mufano kutembea njia ileile, unaweza kuitumia kwa kuuliza: je, leo nimetembea zaidi kuliko jana? Kwa swali hilo, hesabu ya hatua na ya dakika inafaa kuliko hesabu ya kalori.

Wala usiwe mutumwa wa hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka kwa munganga. Ilienea pamoja na chombo cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka wa 1965, na jina lake kwa lugha yao lilikuwa na maana ya «kipimo cha hatua elfu kumi». Ni namba nzuri kwa kukumbuka, lakini mutu anayetoka hatua 2,000 kwenda 5,000 amekwisha kufanya jambo kubwa kwa moyo wake.

BASI, TUPIME NINI?

Tuna vipimo bora kuliko hivyo, na vingi havina bei.

Kwanza, dakika. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka wa 2020 kwamba mutu muzima afanye kazi ya mwili ya kiasi dakika 150 mpaka 300 kwa juma, na kazi ya kuimarisha nyama za mwili siku mbili ao zaidi. Nusu saa, siku tano za juma, inafikisha 150. Mulimaji na mama wa shamba wamekwisha kuzifikisha mbele ya siku ya tatu! Maneno haya yanahusu zaidi watu wa ofisi, wa duka, wa pikipiki na wa kiti.

Pili, pumzi. Kama unatembea na unaweza kusema na mwenzako, lakini huwezi kuimba, basi unatembea kwa kiasi kinachofaa. Kama unaweza kuimba wimbo mpaka mwisho, ongeza mwendo. Kama huwezi kusema hata maneno machache, punguza. Na kama kifua kinauma, simama, uje hospitali.

Tatu, kamba. Kata kamba yenye urefu wako, kutoka kisigino mpaka juu ya kichwa. Ikunje katikati. Izungushe tumboni, karibu na kitovu. Kama ncha zake hazikutani, mafuta ya tumbo yamezidi. Ihifadhi kamba hiyo, upime tena kila mwezi. (Mama mwenye mimba asitumie kipimo hiki.)

Ine, mizani. Pima kilo mara moja kwa juma, kwa mizani ileile, asubuhi, na nguo nyepesi. Usipime kila saa. Maji ya mwili yanapanda na kushuka. Mizani ya miezi mitatu inasema kweli kuliko saa ya siku tisini.

Tano, damu. Wagonjwa wa sukari na wa damu kupanda waje kupimwa siku walizoandikiwa. Hapo ndipo tutajua kama kutembea na chakula vinafanya kazi yao.

MAONYO MAWILI

Onyo la kwanza ni kwa wagonjwa wa sukari wanaopigwa sindano ya insulini, ao wanaokunywa dawa kama glibenklamidi. Kutembea sana kunaweza kushusha sukari ya damu mpaka mahali pa hatari. Ukisikia mwili unatetemeka, jasho la baridi, njaa ya gafula, kichwa kuzunguka, usiangalie saa, usihesabu kalori. Kunywa maji yenye sukari mara moja, ao soda. Siku hiyo soda ni dawa. Beba sukari kidogo mufukoni unapotembea, na mwambie mwenzako wa njia kwamba una ugonjwa huu.

Onyo la pili ni kwa watu waliokonda. Mutu anayetunzwa kwa kifua kikuu, mama anayenyonyesha, mutoto anayekua, muzee aliyepungua nguvu: hawa hawana haja ya kuhesabu kalori wanazochoma. Haja yao ni kula vizuri: maharagi, karanga, sambaza, mayai, mboga. Nimeona binti mumoja muzima akijinyima bugali kwa sababu telefone ilimwambia kwamba hajatembea vya kutosha. Hayo ni matata ya upande mwingine, nayo yanatoka kwa mutego uleule: kuruhusu chombo kisichojua kitu kitawale sahani yako.

MWISHO

Muzee wetu hakutupa saa yake. Ni zawadi ya mutoto wake, na zawadi ya mutoto haitupwi. Lakini tulimuomba mambo mawili: aache soda na kunywa maji, na asitazame tena ile namba ya kalori. Aendelee kutembea jioni, kama alivyofanya. Alikubali jambo la pili upesi kuliko la kwanza.

Alipita miezi mine akarudi. Mizani yetu, ile ya zamani yenye kutu pembeni, ilionyesha kilo 77. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka, ingawa haijafika mahali tunapotaka. Nikamuuliza kama angali akivaa saa ile. Akafunua mukono, akacheka.

«Ninaivaa, mwanangu», akasema. «Inanionyesha wakati wa kurudi nyumbani. Kwa kazi hiyo haijanidanganya bado.»